Kobe Aliyepakwa Vanishi

Shemeji alikuwa na ugonjwa mmoja: chochote alichokipenda, alikipaka vanishi. Meza alizipaka, sawa, aliuza makochi na meza, na hiyo ndiyo kazi iliyompa jina. Lakini mtu yule alipaka mpini wa ufagio. Alipaka fremu ya picha ya harusi mpaka ikagandana na ukuta, ikawa haitoki bila kubandua chokaa. Alipaka mawe mawili ya mlangoni. Na kama mkewe angekaa tuli kwa muda wa kutosha, Dobi alikuwa akisema, angempaka na yeye.

Dobi alikuwa dada wa huyo mke, mkubwa wake. Alikuwa na duka la kufulia: chumba cha mbele ambako nguo safi zilining'inia ndani ya mifuko ya nailoni, chumba cha nyuma chenye meza ya kupigia pasi, na uani kamba za kuanikia. Kazi ile ilimfundisha kudharau watu, wala si ajabu. Ukifua nguo za mtaa mzima miaka nenda miaka rudi, hakuna tena wa kukuringia. Wanakuja wamejikwatua, halafu wanakuachia kola. Mwalimu mkuu, kola nyeusi. Mhubiri, kwapa za njano. Na mashati ya Shemeji, yaliyoletwa kila wiki yamekunjwa kwa madaha, yaliacha maji ya beseni na rangi ya chai. Dobi alipenda kuyaonyesha maji hayo kwa yeyote aliyepita. "Njoo umwone bwana makochi," alisema. "Nje sebule, ndani jiko!"

Kobe, sasa. Kobe alikuwa wa baba yao. Aliuzunguka ua wa baba tangu Dobi hajaota meno, akila alichokiona, akilala palipo na jua, hamsalimii mtu. Baba alimwita Mwenye Nyumba. Baba alipofariki, nyumba ikafungwa, Dobi akakaa na ufunguo kama mkubwa, na kobe akaenda kwa Kitinda. Ndivyo walivyomwita huyo mdogo wake, kitinda mimba wa baba, aliyejifunza kutembea akiwa ameshikilia gamba la yule kobe. Baba alisema mwenyewe mbele ya wote kabla hajafumba macho: kobe ni wa Kitinda, asimguse mtu. Dobi hakubisha. Kobe wa nini? Ana kazi.

Kitinda akaenda na kobe wake kwa mumewe, na mumewe akamwona, akampenda, akampeleka dukani.

Siku moja Dobi alikwenda kwenye hilo duka kupeleka foronya za mito ya makochi. Lilikuwa duka la vioo mbele na baridi ndani, kiyoyozi kinavuma kutwa kucha ili mteja akikaa asinyanyuke. Katikati, juu ya meza, pembeni ya maua ya plastiki na kibao kilichoandikwa USIGUSE, ndipo alipokaa Mwenye Nyumba. Gamba lilikuwa linang'aa mpaka taa za darini zilionekana ndani yake.

"Karibu, Shemeji!" akasema Shemeji, amejitandaza kwenye kochi ambalo bado lilikuwa na nailoni. "Umemwona bosi wetu? Watu wanampiga picha kuliko hata makochi. Juzi tumempa rangi ya kahawa, imemkaa vizuri, si ndiyo?"

Dobi aliweka furushi chini akamnyanyua kobe, na mikono yake ikapanda juu kuliko alivyokusudia, kama ya mtu aliyenyanyua ndoo akidhani ina maji. Hakuna uzito. Akamgeuza. Macho yalikuwa yameshikana kwa tongo. Puani kulikuwa na povu. Ngozi ya mapajani ilikuwa imelegea na kukunjamana kama soksi kuukuu, na chini ya tumbo gamba lilibonyea kidogo alipoligusa kwa kidole gumba.

"Huyu anakula nini?"

"Wateja wanampa. Biskuti, vipande vya keki. Hana shida, Shemeji, anapumzika. Kobe ni mnyama wa kupumzika."

"Na wewe ni mnyama wa nini?"

Shemeji akacheka. Alikuwa mtu wa kucheka akitukanwa, kwa vile matusi yote yaliyompita kimo aliyahesabu kuwa ni sifa.

"Namchukua," Dobi akasema.

"Mchukue, mchukue, kamsafishe. Lakini siku ya kufungua duka jipya namtaka hapa. Nimeshamtengenezea jukwaa lake."

Dobi akasonya, msonyo mrefu wa kutoka mlangoni hadi barabarani. Jukwaa! Mnyama anakufa, mtu anazungumzia jukwaa. Njia nzima alimbeba kobe ndani ya kapu la nguo chafu, akimwambia yote aliyoyajua juu ya ukoo wa Shemeji, na aliyajua mengi.

Hapo angekwenda moja kwa moja kwa daktari wa mifugo, mambo yangekuwa mengine. Lakini dobi ni dobi. Kwake yeye hakuna balaa duniani lisilo doa, na hakuna doa lisilo na dawa yake. Alipofika chumba cha nyuma alimlaza kobe juu ya taulo, akapanda kigoda, akaitoa ile chupa ndogo ya rafu ya juu, ile kali inayotoa rangi kwenye ovaroli za wapaka rangi. Akalowesha pamba. Akasugua. Vanishi ikatoka ikiwa kamasi la kahawia, na Dobi akafurahi, akasugua tena, kila mkupuo na tusi lake: hili la kiyoyozi, hili la biskuti, hili la jukwaa.

Kobe akanyoosha shingo. Akapanua mdomo, akaupanua zaidi, akawa anatafuta hewa na haipati, kisha miguu yote minne ikaning'inia. Dobi akaitupa pamba. "Yarabi, nimeua!" akapiga kelele, akamkumbatia kobe kifuani na kutoka mbio bila viatu, duka limeachwa wazi.

Daktari wa mifugo alikuwa mwanamke mnene mwenye mabuti ya mpira, na chumba chake kilinuka dawa ya kupe. Hakuuliza maswali kwanza. Alimsuuza kobe kwa maji ya uvuguvugu, akafungua dirisha, akamfuta mdomo, akamsikiliza, akamsuuza tena. Kobe alipoanza kuhema vizuri, ndipo daktari alipojifuta mikono.

"Nani kampaka?"

"Shemeji yangu! Muuza makochi, kichwa maji, hana hata chembe..."

"Na nani kampakua?"

"Mimi," akasema Dobi. "Mimi ni dobi."

"Basi," akasema daktari. "Mmoja kamwona meza, mwingine kamwona shati. Nyani haoni kundule."

Maneno hayo yalimwingia Dobi kama sindano. Alikuwa hajakaripiwa na mtu tangu baba yake afariki, na alijikuta amesimama pale miguu mitupu, masikio yanamwaka. Lakini alisikiliza. Daktari alimwambia kobe hana moto wake mwenyewe, anaazima wa jua. Ukimlisha akiwa wa baridi, chakula kinamwozea tumboni. Kwanza joto. Halafu maji, akae ndani yake yamfike kidevuni yasimfike puani. Halafu matone ya macho, halafu ndiyo majani, kidogo kidogo, na ganda la yai lililosagwa juu yake ili gamba lipate nguvu. Vanishi iliyobaki ikwanguliwe kavu, kwa tupa ya kucha, na mkono usiwe na hasira.

"Na kama una haraka," daktari akamalizia, "rudi kafue."

Hivyo Mwenye Nyumba akahamia chumba cha nyuma. Alipewa sanduku la mbao sakafuni, pembeni ya meza ya pasi, mahali joto lilipokuwa zuri, lisilounguza. Asubuhi alitolewa uani chini ya kamba, na Dobi akawa anayasogeza mashuka ya watu ili kivuli kisimpate. Kisha beseni, kisha matone, kisha sanduku. Na muda wote huo, matusi. Dobi hakujua kulea kimyakimya. "Fumbua jicho, mpumbavu wewe," alimwambia. "Unamfumbia nani? Kunywa! Au unasubiri uletewe glasi ya shemeji yako?" Wateja waliosimama kwenye kaunta walidhani anagombana na mume aliyefichwa.

Kwa siku nyingi hakukuwa na lolote. Kobe alikaa ndani ya beseni kama jiwe la kusugulia miguu. Kisha adhuhuri moja koo lake likaanza kupanda na kushuka, taratibu, akawa anakunywa, anakunywa, na alipomaliza akakojoa maji mazito meupe. Dobi aliyaangalia maji yale akapiga kigelegele. Mke wa mwalimu mkuu, aliyekuja kuchukua gauni lake, aliuliza kuna nini, ni harusi? "Kakojoa!" Dobi akamjibu. Baadaye jicho moja likafumbuka, jeusi, lina kinyongo. Na lile gauni la mke wa mwalimu, gauni jekundu, lilipoletwa tena kufuliwa wiki iliyofuata na kuburuzika karibu na sanduku, kobe alinyoosha shingo akaling'ata pindo asiachie. Dobi alilazimika kulishona upya, na alilishona huku anacheka peke yake. Siku hiyohiyo kobe alikula kipande cha tango, na kesho yake majani ya maboga.

Kitinda ndiye aliyeanza kuja mwenyewe, mchana, mumewe akiwa dukani. Aliingia kwa mlango wa uani kama mtu anayeogopa kuchafua sakafu. Alikuwa mwanamke wa sauti ndogo, na kila sentensi yake ilianza na "mume wangu amesema", jambo lililomchefua Dobi kuliko maji ya beseni. "Mume wako amesema nini leo?" alimuuliza kabla hata hajaketi. "Amesema jua limechomoza?"

"Nimekuja kumwona tu, Dada."

"Basi mwone. Na ukishamwona, shika tupa. Kuona hakumtoi mtu vanishi."

Kitinda akashika tupa ya kucha, akamweka kobe mapajani, akaanza kukwangua. Alikuwa na mkono mzuri, Dobi alikiri moyoni. Unga laini wa vanishi ulidondoka kwenye khanga yake, na chini yake gamba la kweli likatokea, limefifia, lina mistari yake. Kobe alimvumilia kuliko alivyomvumilia Dobi. Akawa anakuja siku baada ya siku, akikwangua, Dobi akipiga pasi, na Dobi akaanza kuzoea ile sauti ndogo ya tupa.

"Hapa twende polepole," Kitinda akasema mchana mmoja, kidole chake kikiwa katikati ya gamba. "Hapa vanishi imepakwa mikono minne. Huku pembeni ni mmoja tu, utatoka upesi."

Dobi akaisimamisha pasi. "Umejuaje?"

Kitinda akainama zaidi.

"Nakuuliza, umejuaje ni mikono minne?"

"Brashi nilishika mimi, Dada."

Harufu ya kitambaa kinachoungua ikapanda, na Dobi akainyanyua pasi bila kuangalia kilichokuwa chini yake.

"Alisema mkono wake mzito, wangu ndio laini," Kitinda akasema. "Dukani sikuruhusiwa kukaa, anasema nawachosha wateja. Siku ya kupaka tu ndiyo aliniita. Nikawa nampakata, kama hivi. Nikimaliza, namwambia bado haijakolea, niongeze mkono mwingine. Ili nikae na kobe wangu."

Mtu mwingine angeisikia sentensi ile ya mwisho. Dobi alisikia brashi tu. Uchungu ulimpanda, na Dobi akipandwa na uchungu alikuwa hajui kulia, alijua kufua.

"Afadhali mumeo," akasema. "Mumeo ni mjinga, na mjinga hana lawama. Wewe ulikuwa unamwona anavyokwisha mapajani mwako, halafu unachovya brashi. Kobe wa baba! Ole wake, ona baba alimwachia nani! Kweli mmeokotana, pipa na mfuniko."

Kitinda aliiweka tupa juu ya meza, akamrudisha kobe kwenye sanduku lake, akakung'utia unga uani ili asichafue. Akaondoka. Kesho yake hakuja, wala keshokutwa.

Dobi alijiambia ni heri. Alimalizia vanishi mwenyewe, na ilimchukua muda, kwa sababu mkono wake ulikuwa na hasira na kila mara alilazimika kuacha. Kobe aliendelea kunenepa, hana habari na ugomvi wa mtu. Gamba la chini likakaza. Miguu ikajaa. Akaanza kutoka sandukuni na kuzurura chini ya meza, akigonga miguu ya Dobi kama anayedai njia. Daktari alimweka kwenye mizani akasema, "Ehee," na kwa daktari yule hiyo ilikuwa hotuba. Dobi alirudi dukani kwake na kobe, na hakukuwa na mtu wa kumwambia. Mara kadhaa alijikuta anasikiliza mlango wa uani.

Aliyekuja, kwa mlango wa mbele, ni Shemeji. Ilikuwa siku ya kufungua duka jipya, na alikuwa amevaa suti, gari lake linanguruma nje. Mkononi alikuwa na sanduku lililotandikwa kitambaa cha zambarau, na juu ya sanduku kopo jipya. Kitinda alisimama nyuma yake.

"Shemeji, hongera!" akasema Shemeji. "Kumbe kapona! Nilikwambia alikuwa anapumzika tu. Sasa tazama, vanishi hii ni mpya, haina harufu hata kidogo. Mkono mmoja tu, njiani, tukifika imekauka."

Dobi akasimama mbele ya mlango wa chumba cha nyuma. "Haondoki."

"Acha mzaha, wageni wamefika."

"Wageni wako wakakalie makochi. Kobe haondoki. Nimemtoa kaburini kwa mikono hii."

"Sawa, lakini kobe ni wa nani?" Shemeji alikuwa hajakasirika hata kidogo, na hilo ndilo lililokuwa baya. "Baba yenu alimpa mke wangu, mbele ya watu. Ulikuwepo. Muulize mwenyewe."

Ilikuwa kweli, na Dobi alijua ni kweli. Matusi yake yote, beseni lake, mashuka aliyosogeza, hayakumpa haki ya kucha moja ya yule mnyama. Kila kitu sasa kilikuwa mdomoni mwa mtu ambaye yeye mwenyewe alimfukuza kwa maneno. Akamtazama mdogo wake. Maisha yake yote alimtuma, alimkemea, alimvisha, alimkatalia. Hakuwahi kumwomba kitu.

"Kitinda," akasema. "Mdogo wangu. Nakuomba."

Kitinda akampita mumewe, akampita na dada yake, akaingia chumba cha nyuma. Wakamsikia akipiga magoti. Alirudi amempakata kobe kwa mikono miwili, na mikono ilikuwa imeshuka kwa uzito.

"Mzito," akasema kwa furaha. Kisha akamgeukia mumewe. "Dukani haendi."

"Unasemaje?"

"Haendi. Hiyo vanishi kapake jukwaa."

"Umesikia!" Dobi akadakia. "Umesikia, bwana makochi? Sasa..."

"Na hapa habaki, Dada."

Dobi akakishusha kidole alichomnyooshea Shemeji.

"Umemponya, na nakushukuru, Mungu akulipe," Kitinda akasema. Sauti ilikuwa ndogo vilevile, lakini haikurudi nyuma. "Ila ulimponya kwa kutukomoa. Kila tone la maji ulilomtilia, ulikuwa unatunanga sisi. Nilipokwambia kwa nini nilipaka, hukunisikia. Naomba ufunguo wa nyumba ya baba."

"Nyumba ya baba yenu?" Shemeji akacheka, akamtazama Dobi ili wacheke pamoja. "Ile nyumba haina hata kiti kimoja!"

"Najua," akasema Kitinda. "Ndiyo maana naitaka."

Dobi alikuwa na majibu ya kujaza mtaa mzima, daima alikuwa nayo. Aliyatafuta, na hakupata hata moja lililokuwa safi. Akaufungua ufunguo kwenye kamba ya kiunoni, akaupenyeza kwenye kiganja cha mdogo wake chini ya tumbo la kobe. Kitinda akatoka. Alilipita gari, hakuligusa, akaingia barabarani juani, na kichwa cha kobe kilichungulia kwenye kiwiko chake kikiangalia mbele.

"Atarudi," akasema Shemeji. "Atakwenda wapi? Hebu nipatie mashati yangu, Shemeji, nimechelewa."

Dobi alikuwa ameshafika mlangoni. "Maji yasiwe moto sana!" akapaza sauti. "Yapime kwa kiwiko kwanza!"

Kitinda akageuka, bila kusimama. "Najua, Dada! Si ndivyo ulivyokuwa ukinipimia mimi?"

Dobi akalia palepale mlangoni, mbele ya Shemeji na mbele ya mtaa aliousema kola kwa kola, wala hakutafuta cha kujifutia, na nyuma yake duka zima limejaa nguo safi.